Chanjo Zilizolala na Samaki

Katika miaka ile ya kuporomoka kwa mgodi na serikali nilikuwa mkuu wa utafiti katika ofisi ya afya ya mji wetu, Likasi. Cheo hicho kikisomwa mbele ya watu kinapendeza. Utafiti wenyewe ulikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari, darubini moja iliyokuwa na lenzi moja nzima, na mtaalamu wa maabara, mwanaume mpole aliyekuja kazini na kandambili kwa sababu viatu vyake vya ngozi alikuwa ameviuza. Mshahara wa serikali ulikuwa umegeuka uvumi. Hata hivyo tulikuja. Vijana huniuliza kwa nini, na jibu langu haliwaridhishi: nyumbani nako hapakuwa na umeme, na ofisini angalau kulikuwa na watu wa kubishana nao.

Mimi si mtu wa machozi, wala sikuwa hivyo wakati nina umri wa kulia. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja uso na sikuona sababu ya kuukunjua. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitarajie vinginevyo.

Daktari mkuu wa ofisi yetu aliniita asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi. Watoto wachanga walikuwa wakikauka. Ndivyo watu wa mitaani walivyouita ugonjwa ule, na hawakukosea. Mtoto anazaliwa salama, analia, ananyonya siku mbili tatu, halafu mdomo unakataa kufunguka. Mwili unakuwa mgumu. Ukimgusa, au mlango ukigonga, anajikunja kama upinde. Mwishowe anakufa akiwa macho. Vitabu vinauita pepopunda, sisi kazini tuliuita tetanosi, na wengi wetu tulikuwa tumeusoma shuleni tu, kwa sababu enzi mgodi ukiwa na nguvu hatukuuona.

“Ni hawa mama wakwe,” daktari mkuu alisema. “Wanazalisha nyumbani na kuweka uchafu kwenye kitovu. Nenda ukaonyeshe hivyo.”

Alitaka utafiti uthibitishe alichokwisha kukijua. Wakubwa wengi hupenda utafiti wa namna hiyo. Sikumchukia kwa hilo, maana hata mimi nilidhani anasema kweli. Zamani wake za wafanyakazi walizaa katika hospitali ya kambi, kwenye mashuka meupe, na mume alikuja jioni na gari la kampuni kuwachukua. Sasa mama aliyekwenda kuzaa alitakiwa kuja na glavu zake, uzi wake, wembe wake na mafuta ya taa ya kuwasha taa ya wodini. Aliyekosa vitu hivyo alibaki nyumbani, na mama mkwe akakunja mikono ya blauzi.

Basi tukaanza kupita nyumba kwa nyumba, mimi na yule mwenzangu wa kandambili, katika mitaa iliyokuwa kambi za wafanyakazi. Tuliuliza nani alikata kitovu, kwa kitu gani, na nini kiliwekwa juu ya kidonda. Watu walitujibu vizuri. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiwauliza kitu chochote, na nadhani waliona kuulizwa ni heshima.

Nyumba moja ndiyo iliyobaki nami. Alikuwamo mama mmoja mzee, mjane wa mtu wa Kasai aliyeletwa na mgodi akiwa kijana. Mama mwenyewe alizaliwa upande wa Lufira. Aliishi na mwanawe wa pekee aliyebaki Likasi, na mke wa mwanawe. Mwana alikuwa bado mfanyakazi wa mgodi kwa karatasi, lakini kwa tumbo alikuwa mchuuzi wa chumvi na sabuni, na Jumapili alikuwa shemasi katika kikundi cha maombi kilichokusanyika kwenye gereji tupu.

Yule mama alinipa kiti kizuri cha nyumba, yeye akakaa kwenye kigoda.

“Weye njo ule banatuma juu ya batoto banakaukaka?” aliuliza.

“Njo minye, Mama,” nilisema, yaani ndiye mimi.

“Bien. Minye nilikuwa nangojea muntu wa kuniuliza. Hapa banasema tu, hapana kuuliza.”

Akanieleza bila kupandisha sauti. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa mikononi mwake na akakauka kabla ya kupewa jina la kanisani. Baada ya matanga, mchungaji wa kikundi cha maombi aliona katika ndoto mkono wa mwanamke mzee juu ya kitanda cha mtoto. Katika nyumba ile mwanamke mzee alikuwa mmoja. Sasa mke wa mwanawe alikuwa na mimba tena, imekwisha kuonekana, na mwana alikuwa amemwambia mama yake mbele ya mashemasi wenzake: huyu wa pili akikauka, hutalala tena chini ya bati hili.

“Banasema niko mulozi,” alisema, yaani mchawi, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema ana kisukari. “Minye sijue. Muntu anaweza kuwa mulozi na asijue? Weye ulisoma.”

Nilimwambia kwamba katika masomo yangu hilo halikuwemo. Alicheka kidogo. Nilimpenda hapohapo, jambo ambalo halinitokei mara nyingi na watu wapya.

Nilimwomba anionyeshe vifaa vyake. Wembe ulikuwa mpya, bado katika karatasi yake, aliuweka kwa ajili ya mtoto anayekuja. Uzi aliuchemsha. Kisha akaleta kikopo cha maziwa ya unga chenye kifuniko, na ndani yake kulikuwa na unga laini wa rangi ya kahawia. Ulikuwa udongo wa kiota cha nyigu, wale wanaojenga vijumba vya tope kwenye kuta. Udongo ule unakwanguliwa, unasagwa, unachekechwa, kisha unapakwa juu ya kitovu ili kikauke haraka na kudondoka. Aliniambia watoto wake wote aliwapaka unga huo, hata wale waliozaliwa hospitalini, akiwasubiri wauguzi wageuke upande wa pili. Wote walikua.

Nilichukua unga kidogo katika karatasi. Darubini yetu haikuweza kusema lolote la uhakika juu yake, na hatukuwa na uwezo wa kuotesha vijidudu, lakini udongo ni udongo. Ugonjwa ule unaishi ardhini. Unga ule ulikuwa mlango, na daktari mkuu alikuwa amesema kweli. Nilimwambia mama asiutumie tena, kitovu akiache kikavu. Aliniuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima. Akatikisa kichwa kukubali, akakirudisha kikopo kabatini, maana vitu havikutupwa wakati ule.

Ningeweza kuishia hapo. Ripoti ingekuwa fupi na kila mkubwa angefurahi. Kilichonizuia ni hasira zaidi kuliko akili. Mke wa mwana, msichana wa maneno machache, aliponiona natoka alinifuata na kuniambia kwamba yeye alidungwa sindano zote mbili wakati wa mimba ya kwanza, kwenye kituo chetu, na kwamba muuguzi alimuahidi mtoto hatakauka. Aliniangalia kama mtu anayedai. Nikarudi kwa mama wengine waliofiwa, nikauliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Karibu wote walikuwa wamedungwa.

Hapo hesabu haikukubali. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga yake akiwa tumboni. Mtoto wa mama huyo unaweza kumpaka kitovuni udongo wa nyigu au majivu ya jikoni, haitapendeza, lakini hatakauka. Ndiyo maana watoto wa yule mzee, ambaye alichanjwa enzi za hospitali ya kambi, walipona na unga uleule. Kama sasa walikuwa wanakauka, basi tatizo halikuwa mikono ya wakwe peke yake. Tatizo lilikuwa pia ndani ya chupa zetu.

Nikaenda kwa muuguzi wa chanjo. Alikuwa mtu wa kazi, wa umri wangu, aliyeivaa blauzi yake nyeupe ya kazi juu ya nguo zake, ikiwa imepigwa pasi ya makaa kila siku ya Mungu. Nilimuuliza chanjo zinalala wapi. Friji yetu nilijua imekufa. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa ukipita juu ya vichwa vyetu na kwenda zake, na mtaani kwetu transfoma ilikuwa imeungua na nyaya kuibwa. Friji ya mafuta ya taa nayo ilikuwapo, mafuta hayakuwapo.

“Docteur, nilipata solution,” alisema, na uso wake uling'aa.

Alinichukua hadi kwa mfanyabiashara wa samaki karibu na soko. Mtu huyo alikuwa na chumba cha baridi chenye jenereta yake mwenyewe, kwa ajili ya tomsoni, wale samaki wa baharini wanaokuja wamegandishwa katika maboksi na ambao mji mzima uliwala kwa sababu nyama ilikuwa imepanda. Tulipofunguliwa mlango pumzi zetu ziligeuka moshi. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi darini, samaki wagumu kama kuni. Muuguzi akaingiza mkono nyuma yao, akavuta sanduku la chanjo zetu. Barafu ilikuwa imeota juu ya kifuniko.

“Hapa baridi haikosekanake,” alisema. “Kila siku ninapanda vélo, ninakuja, ninachukua ya kazi, ninarudisha ile inabakia. Hakuna siku moto iligusa vaccin yangu.”

Na ni kweli, hakuna siku joto lilizigusa. Tatizo ni kwamba katika kazi yetu sote tulifundishwa kuogopa joto. Mabango yote ukutani yalionyesha jua. Chanjo ya surua unaweza kuigandisha na ikabaki salama, ya polio vilevile. Ya pepopunda ikiganda mara moja tu, imekufa, na ukiiyeyusha inaonekana nzima. Jambo hili lilikuwa limeandikwa mahali fulani katika vitabu vyetu, kwa herufi ndogo, lakini mji ambao kazi yake yote ya siku ni kutafuta baridi hauwezi kukumbuka kwamba baridi nayo inaua. Sijui mji mwingine ambao ungefanya kosa hilo kwa bidii kiasi kile. Muuguzi mzembe angeziacha chanjo ofisini zipate joto kidogo, na chanjo ya pepopunda ingelivumilia joto la kiangazi chetu vizuri tu.

Sikumwambia lolote pale mbele ya samaki. Nilitaka kwanza kuwa na uhakika.

Kuna jaribio la kupima jambo hili ambalo halihitaji umeme wala darubini. Chanjo hiyo ni maji ya maziwamaziwa. Ukiitikisa chupa nzima na kuiweka mezani, yale maziwa yanabaki yametawanyika kwa muda mrefu. Ukitikisa chupa iliyowahi kuganda, utaona vipande kama vya maziwa yaliyochacha, na vinazama upesi, juu yanabaki maji maangavu. Lakini lazima uwe na chupa ya kulinganisha. Mwenzangu wa kandambili alipanda lori hadi kwa wamisionari wa upande wa Mulungwishi, ambao walipokea chanjo za mzigo uleule na ambao friji yao ya mafuta haikuwahi kuzimika. Walitupa chupa mbili. Moja tuliiweka kama ilivyokuja. Ya pili tuliigandisha makusudi kwa yule mfanyabiashara wa samaki, tukaiyeyusha. Ya tatu ilikuwa ya kwetu.

Tulimwalika muuguzi wa chanjo ashuhudie. Nilizitikisa zote tatu pamoja, nikaziweka kwenye dirisha kuelekea mwanga, tukakaa kuangalia. Ya wamisionari ilibaki maziwa. Ile tuliyoiua wenyewe ilianza kushuka. Ya kwetu ilishuka pamoja nayo, sawasawa, kama mapacha.

Muuguzi aliangalia mpaka maji yakawa maangavu kabisa juu. Akauliza, “Zote?” Nikasema zote zilizopita kwa samaki. Akavua blauzi yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza yangu, akatoka. Kesho yake alirudi kuichukua na kufanya kazi, maana hakukuwa na mwingine. Hatukuizungumzia tena. Nilimhurumia, na sikujua namna ya kumwambia.

Daktari mkuu alizitikisa chupa mwenyewe mara kadhaa. Sikupata shida ya kumshawishi. Shida ilikuja baadaye.

“Ukitangaza kwamba tumewadunga maji,” alisema, “kesho hakuna mama ataleta mtoto. Hata kwa surua. Unajua surua itafanya nini humu.”

“Na mama waliokwisha kudungwa?”

“Tutawadunga tena. Tutasema ni rappel, sindano ya kukumbusha kinga.”

“Na bibi wanaoitwa wachawi?”

Hakuwa mtu mbaya. Alisema ofisi ya afya haina idara ya wachawi. Tulibishana mpaka sauti zikasikika bohari, nikamuita mwoga, naye akaniambia kwamba mimi naweza kuwa shujaa kwa sababu si mimi nitakayejibu kwa gavana. Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba kuhusu surua alisema kweli.

Chanjo mpya zilikuja kutoka Lubumbashi, zikisafiri kati ya chupa za maji baridi badala ya barafu, na tukazihifadhi kwa wamisionari, muuguzi akizifuata kwa lori. Tuliwaita mama wajawazito, tukawaambia ni rappel. Mke wa mwana wa yule mzee alikuwa kati ya wa kwanza. Nilihesabu wiki zake kwenye vidole. Muda ulitosha kwa sindano zote mbili na kinga kupita kwa mtoto, lakini kwa kubana. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mama mkwe kwamba safari hii mtoto hatakauka. Nilisema hivyo kwa uhakika ambao si kawaida yangu.

“Tutaona,” alisema.

“Tutaona, Mama. Ungojee tu.”

Hakuruhusiwa kungoja. Msichana alipokuja kwa sindano ya pili aliniambia kwamba kikundi cha maombi kilifunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya mimba, na mwishoni mchungaji alisema mama lazima atoke kabla ya uchungu kuanza. Mwana alimtafutia nafasi kwa ndugu wa marehemu baba yake huko Kakanda. Mzee aliondoka na godoro lake juu ya gari la mkaa. Kikopo cha udongo kilitupwa na wanamaombi pamoja na vyungu vyake vyote vya zamani, kwa usalama.

Mtoto alizaliwa nyumbani, msichana, mikononi mwa dada mmoja wa kanisani. Kitovu walikiacha hivi hivi, wakaweka mikono juu na kuomba. Nilipita kila siku nilipoweza. Siku ambazo ugonjwa hupenda kuanza zilifika na mtoto akanyonya. Zikapita na akanyonya. Kitovu kikadondoka kikavu. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri, nikamnunulia mwenzangu wa maabara chupa ya bia ya moto na tukainywa katika vikombe vya maabara.

Kisha nikaenda kuzungumza na baba wa mtoto. Amri ya daktari mkuu ilikuwa tuseme rappel na kunyamaza, lakini niliona kwamba mtu mmoja alikuwa na haki ya kujua. Nilimweleza habari ya chanjo na samaki tangu mwanzo hadi mwisho. Habari ya unga niliiacha. Niliogopa kumpa fimbo mpya ya kumpigia mama yake. Nikamwambia: chanjo ya kwanza ilikufa, mtoto wa kwanza akafa. Chanjo ya pili ilikuwa hai, huyu yuko hai. Mama yako hana lake hapo, kamrudishe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu, na alimshika binti yake kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa.

“Docteur, asanti sana. Minye sikatae vaccin,” alisema. “Lakini angalia weye mwenyewe. Mama alikuwa hapa, mutoto alikufa. Mama haiko, mutoto iko muzima. Unataka minye nimulete tena juu ya kuona kama huyu pia atakufa?”

Nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja katika nyumba ile na wao wakabadilisha kingine wakati uleule. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba jaribio la namna hiyo halisemi lolote, au linasema kile ambacho kila mtu alikwisha kukitaka. Kila siku mtoto aliyonyonya ilikuwa ushahidi dhidi ya bibi yake.

Nilipata nafasi ya kwenda Kakanda wakati wa mvua za kwanza, na gari lililopeleka dawa za kifua kikuu. Yule mzee nilimkuta uani kwa ndugu wa mumewe, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Alikuwa amepungua. Watoto wa nyumba ile walicheza mbali naye, na niliona wameambiwa.

“Ananyonya?” aliuliza kabla sijakaa.

“Ananyonya sana. Amenenepa.”

“Banamuita nani?”

Nilimwambia jina. Lilikuwa la kikanisa, halikuwa la mtu yeyote wa ukoo. Alilirudia mara moja.

Nikamweleza yeye nilichomweleza mwanawe, na kwake sikuficha kitu. Nilimweleza chanjo, samaki, chupa tatu dirishani, na unga. Alinikatiza mara chache. Nilipomaliza akaacha maharagwe.

“Unielezee pole pole, docteur. Kama vaccin ilikuwa muzima, unga yangu ingemuua ule mutoto wa kwanza?”

“Hapana, Mama.”

“Na kama sikutia unga, ile vaccin ya kufa ingemuua?”

Ningeweza kudanganya. Nimewadanganya wagonjwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini alikuwa ameuliza vizuri, kama mtu anayestahili jibu.

“Hapana, Mama. Chanjo ya kufa ni maji tu.”

Alitikisa kichwa taratibu. Nilianza kusema haraka haraka, mimi ambaye sina haraka ya maneno. Nilimwambia kwamba unga ule si uchawi, kwamba mama wengi wa nchi hii wanautumia, kwamba sisi ofisini ndio tulioua chanjo na kosa kubwa ni letu. Nikamwambia nitarudi Likasi na chupa zote tatu, nitazitikisa mbele ya mwanawe na mbele ya mchungaji kama ni lazima, na safari hii nitaeleza mambo mawili yote, chanjo na udongo. Hapo hata shemasi ataelewa. Atakuja kukuchukua, nilisema.

“Hapana,” alisema. “Usimuambie mambo ya udongo.”

“Bila hiyo hatanielewa.”

“Docteur, unasikia. Kwetu mwanamuke haondoake ule udongo ku ukuta. Ni baba ya mutoto njo anautafutaka. Anaamuka asubui, hajakula, anakwangua na kisu yake, anabeba mu mukono mpaka kwa mama yake. Njo kupokea mutoto ile.” Alifungua kiganja chake kikavu akanionyesha jinsi unavyobebwa. “Alizunguka nyumba yote. Alileta mingi, nikamuambia inatosha. Alikuwa anacheka.”

Niliangalia maharagwe.

“Ukimuambia, ataangalia ule mukono wake mpaka siku ya kufa,” alisema. “Acha aseme ni bulozi. Bulozi ni ya mama yake. Banaomba, inaisha.”

“Na wewe je, Mama?”

“Minye niko hapa,” alisema, akarudi kwenye maharagwe.

Alinifungia sehemu ya maharagwe yale katika kitambaa nimpelekee mke wa mwanawe, kwa sababu maharagwe huongeza maziwa. Nilipofika Likasi nilisema nimeyanunua njiani, nikijua kwamba wakisikia yametoka kwake wangeyatupa.

Mwaka uliofuata tulianza mafundisho katika mitaa. Daktari mkuu alitaka tuwaonye watu juu ya udongo wa nyigu kwa jina, na picha ya kiota kwenye bango. Nilikataa, na kwa kuwa bado nilikuwa mkuu wa utafiti nilipata njia yangu. Tulisema tu: kitovu kiachwe kikavu, kisiwekwe kitu. Siku tulipofundisha kwenye kambi ile, baba mmoja alisimama nyuma na binti yake begani, akauliza kwa adabu kwa nini kisiwekwe kitu, wakati zamani wazee waliweka. Nilimfahamu. Nilimwambia ni amri mpya kutoka Kinshasa, na kwa kuwa Kinshasa ilitoa amri nyingi bila sababu, alikaa chini.